Kuziba na Kutia Lakiri: Injini za Mbio Zikitazamwa Kutoka Garsen

Leo naweka kompyuta kando kidogo (kidogo tu, tutarudi kwake kabla hatujamaliza). Kazi yangu ni kuandika programu na shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta, lakini nimekulia Garsen, na kule mtoto huitambua sauti ya injini iliyoingia maji muda mrefu kabla ya kushika kompyuta.

Kwa asiyepafahamu, Garsen ni mji mdogo katika kaunti ya Tana River, pale barabara ya kutoka Malindi inapogawanyika: mkono mmoja unapanda Hola na Garissa, mwingine unakwenda Witu na Lamu. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na huku chini kwenye delta yake hauna kingo za kuaminika. Mvua ikinyesha sana Mlima Kenya na Aberdare, sisi tunaletewa maji siku kadhaa baadaye, hata kama juu ya vichwa vyetu jua ni kali. Yakikauka, udongo mweusi wa mfinyanzi unapasuka, na magari yakishausaga unakuwa vumbi linaloingia hadi ndani ya saa ya mkononi. Kwa ufupi, sehemu hii ina kila kitu kinachoua injini.

Ndiyo maana watu wakianza kunisimulia mbio za magari na kutaja nguvu za farasi, mimi huuliza swali jingine kwanza: ilizibwaje? Injini ni pampu ya hewa. Inavuta hewa, inaiminya pamoja na mafuta, inaichoma, inaitoa. Ushindi na hasara viko katika kinachoruhusiwa kuingia na kisichoruhusiwa kutoka. Tena Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu Waingereza wana neno moja tu kwa mambo mawili ambayo sisi tunayatenganisha. Kuna kuziba, yaani kuzuia maji, moto, oili na vumbi visipite. Na kuna kutia lakiri, yaani kufunga kitu kwa alama ili ijulikane kama kuna mtu aliyekifungua. Injini ya mbio inahitaji yote mawili, na kwa maoni yangu historia yake ni historia ya vita hivyo viwili.

Tuanze na kuziba, na tuchukue injini ambayo Afrika Mashariki nzima inaijua: ile ya Peugeot 404. Ina sentimita za ujazo 1,618 katika silinda nne, kwa hiyo kila silinda ina karibu 404 (sadfa nzuri, nadhani). Kipenyo cha silinda ni milimita 84, yaani uso wa pistoni ni kama sentimita za mraba 55. Mafuta yanapowaka, tuseme shinikizo linafika mara 50 ya lile la hewa ya kawaida. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya kilo 2,700 zinazosukuma juu. Gari lenyewe zima lina uzito wa kilo elfu moja na kitu. Maana yake kila mlipuko unajaribu kuing'oa silinda hedi kwa uzito wa Peugeot mbili na nusu, na injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila silinda inafanya hivyo mara 40 na zaidi kwa sekunde. Kati ya hedi na bloku hakuna kitu kingine ila bolti na karatasi nyembamba inayoitwa gasketi.

Sasa ongeza tatizo la pili. Hedi ya 404 ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kila ukiwasha na kuzima, hedi inajisugua juu ya gasketi, ikienda na kurudi. Na tatizo la tatu: silinda zenyewe ni vikombe vinavyochomolewa, maji ya kupozea yanavigusa kwa nje, na kila kikombe kinazibwa chini kwa pete nyembamba. Fundi lazima ahakikishe midomo ya vikombe inachomoza juu ya bloku kwa kiasi kidogo sana, sehemu chache za mia za milimita, na vyote kwa kimo kimoja. Kikombe kimoja kikiwa chini kidogo kuliko jirani yake, moto unapata njia. Fundi mzuri hutumia siku nzima kwa kazi ambayo mwenye gari hataiona kamwe.

Hilo linatupeleka kwenye Safari Rally, shule ambayo injini hizi zilifanyia mitihani.

Mbio hizo zilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitu ninachokipenda sana ni kwamba mwanzoni magari yaligawanywa katika makundi kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Waandaaji walikuwa wanauliza swali la mnunuzi: kwa pesa hizi, ni gari gani litafika? Baadaye mbio ziliwekwa wakati wa Pasaka, yaani kwenye masika, mvua zikiwa zimeshaanza kuharibu barabara. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na mara zote mbili gari lilikuwa Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, 404 ilishinda ikiendeshwa na Bert Shankland kutoka Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Halafu kuna Joginder Singh, mtu wa gereji hasa, aliyeshinda 1965 na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kabla yake, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer.

Angalia orodha hiyo vizuri. Hakuna gari hata moja hapo lililokuwa na nguvu za kutisha. Yalikuwa magari ya kawaida yaliyofunguliwa bolti hadi bolti na kufungwa upya na watu wasio na haraka.

Kufunga upya kunafanyikaje? Kwanza uso wa bloku na uso wa hedi husagwa hadi vinyooke kabisa. Gasketi za enzi ya 404 zilikuwa mchanganyiko wa bati na asbesto, ambayo leo tunajua inaua mapafu. Zilivumilia uso usio laini sana. Katika injini za mbio zenye shinikizo kubwa, mafundi walianza kuchonga mfereji mwembamba kuzunguka kila silinda na kulaza humo pete ya waya, ili hedi ikikazwa waya huo uume gasketi na kuukatia moto njia. Siku hizi wengi hutumia gasketi ya mabati membamba ya chuma cha pua yaliyopangwa kama kurasa, yenye mikunjo inayofanya kazi kama springi: hedi ikitanuka inafuata, ikirudi inafuata. Lakini gasketi hiyo haina huruma kwa uso wenye mikwaruzo. Kisha bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana yenye kipimo. Ukianza pembeni unanasa mkunjo katikati, kama mtu anayebandika karatasi ukutani akaacha mapovu ndani. Mtu wa programu ataelewa mara moja: mfuatano wenyewe ndio kazi.

Kwa dunia ya nje nitapita haraka. Mwaka 1967 injini ya Cosworth DFV ilishinda mbio zake za kwanza za Formula One kule Zandvoort, Uholanzi, Jim Clark akiendesha. Kama injini nyingi za mbio kubwa, haikuweka oili yake chini ya krankshafti. Pampu ziliifyonza kila wakati na kuipeleka kwenye tangi la pembeni. Njia hiyo inazuia oili kukimbilia upande mmoja kwenye kona, na ufyonzaji ukiwa na nguvu ya kutosha hewa hupungua chini ya pistoni, jambo linalozisaidia ringi kushika ukuta wa silinda. Uzuri mtupu. Miaka iliyofuata injini za Formula One zilibanwa mno kiasi kwamba zikiwa baridi haziwezi hata kuzungushwa: lazima kwanza zipashwe moto kwa maji na oili kutoka nje. Naziheshimu, lakini ziko chumba safi. Injini ya Safari ilitakiwa kuwaka saa tisa usiku kwenye tope, na kuongezewa maji ya kijijini kwenye rejeta.

Na maji ndiyo habari yenyewe. Rudi kwenye ile silinda ya 404. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni ndogo. Kama injini inaiminya hewa mara 8, nafasi hiyo ni kama sentimita za ujazo 58, yaani vijiko vinne vya mezani. Hewa inaminyika, maji hayaminyiki. Vijiko vinne na kidogo vikiingia kwenye silinda moja, pistoni ikipanda inagonga kitu kigumu kama jiwe, na kinachopinda ni konrodi. Kwa injini ya dizeli ni vibaya zaidi. Ikiminya mara 20, silinda ya sentimita 500 ina nafasi ya 26 tu, hata vijiko viwili havitimii. Watu hudhani dizeli ni salama kwenye maji kwa sababu haina plagi za kulowa. Ni kweli haina plagi. Ila ikimeza maji inavunjika mapema zaidi.

Madereva wa Safari walijifunza hayo kwa gharama. Kabla ya kuvuka walilegeza mkanda wa feni, maana feni ikizunguka ndani ya maji inayarusha juu ya distribyuta na injini inazimika katikati ya mto. Wengine waliivisha distribyuta glavu ya mpira, kila kidole kikipitisha waya wake wa plagi (usicheke, inafanya kazi). Turubai au gunia lilifungwa mbele ya rejeta ili gari lisukume wimbi mbele yake na kuacha bonde la maji kidogo nyuma ya wimbi hilo. Miaka ya 1990 magari ya viwandani yaliyokuja Safari yalikuwa na snokeli iliyopanda kando ya kioo cha mbele, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo picha ya Safari hadi leo.

Kuna sehemu moja ambayo wengi huisahau: gia na difu. Difu ikiwa imepata moto kisha ikatumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta. Sili za mpira zimetengenezwa kuzuia oili isitoke, si kuzuia maji yasiingie, kwa hiyo maji yanapita. Ndiyo sababu magari ya mbio hupachikwa mirija midogo kutoka kwenye difu na giaboksi hadi juu kabisa, ili zikihitaji kupumua zipumue hewa. Ni mpira wa bei ndogo sana. Magari mengi ya kwetu hayana.

Vumbi nalo ni adui mpole. Halivunji kitu siku hiyo hiyo. Chembe za mchanga zikipita chujio zinachanganyika na oili na kuwa dawa ya kusagia, na ringi zinaisha taratibu. Peugeot na Land Rover za zamani zilikuwa na eya klina yenye bakuli la oili, hewa inageuka ghafla juu ya oili na vumbi linanaswa. Timu kubwa zilitumia sponji iliyolowekwa oili. Lakini chujio zuri lenye mpira uliopasuka baada yake ni kazi bure, hewa hupita pale ilipo rahisi kupita.

Sasa vita vya pili, lakiri. Tangu zamani wakaguzi wa mbio huweka alama kwenye bloku na bodi kabla ya kuanza, ili gari linalofika liwe lile lile lililoondoka. Turbo zilipokuja, ilibidi nguvu zipunguzwe, na FIA ikaamua kubana pumzi: hewa yote ipite kwenye pete yenye tundu la kipenyo maalumu. Mwaka 1995 kipenyo hicho kilikuwa milimita 34. Bolti zinazoshika pete hiyo lazima ziwe na vichwa vilivyotobolewa, waya upitishwe na kutiwa lakiri. Na kuna jaribio ambalo kwangu ni zuri kuliko vipimo vyote: injini ikiwa inanguruma, tundu linazibwa. Injini lazima izime. Isipozima, basi inapumua kwingine.

Oktoba 1995, kwenye mashindano ya Catalunya kule Hispania, wakaguzi waliyafungua magari ya Toyota Celica ya timu ya kiwanda. Celica ilikuwa malkia wa Safari wakati huo: ilishinda 1990, kisha kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995, ule wa 1994 ukiwa wa Mkenya mwenzetu Ian Duncan. Walichokuta kule Hispania ni kwamba pete haikuwa imetulia. Mpira wa hewa ulipokazwa, springi zilizofichwa ziliruhusu pete isogee kama milimita 5, na hewa ikapita kando yake. Ukilegeza ili upime, springi zinairudisha pete mahali pake, na kipimo kinasoma milimita 34, halali kabisa. Max Mosley, aliyekuwa rais wa FIA, alikiri hadharani kwamba hakuwahi kuona kifaa cha werevu namna hiyo katika miaka 30 ya mchezo huo. Toyota ilinyang'anywa alama zake zote na kufungiwa miezi 12. FIA haikuwatia hatiani madereva.

Mimi kama mtu wa programu nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba. Kifaa kinachojua kwamba kinapimwa, na kinabadilika! Miaka 20 baadaye, Septemba 2015, Volkswagen ilikamatwa na wakaguzi wa mazingira wa Marekani kwa jambo lile lile lililoandikwa safari hii kwa programu: kompyuta ya gari ilitambua dalili za jaribio la maabara, ikasafisha moshi, na barabarani ikarudia uchafu. Magari yapatayo milioni 11 duniani. Lakiri ya waya haikuweza kusaidia kwa sababu hakuna bolti iliyofunguliwa. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kupima sehemu na kupima kitu kikiwa kazini. Kuziba tundu kunaipima injini nzima ikiwa hai, na ni vigumu sana kukudanganya.

Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha. Sasa injini ni za lita 1.6 zenye turbo, zimetiwa lakiri kwa sababu timu haziruhusiwi kubadilisha injini ovyo katika msimu, na adui mkubwa ni vumbi laini la volkano linalofunika gari kama maji. Snokeli nazo zilirudi. Kuanzia 2021 hadi 2025 Toyota ilishinda mara zote tano.

Huku kwetu hakuna kombe. Mafuriko ya El Niño ya 1997-98, wakati nilipozaliwa, yaliubomoa mradi mkubwa wa umwagiliaji mpunga wa Delta ya Tana. Novemba 2023 maji yalirudi tena na barabara ya Lamu ikakatika. Nilikuwa nyumbani wiki ile, nikakaa kwenye kivuli cha fundi mmoja nikitazama magari yakivutwa kutoka majini, moja baada ya jingine. Kijana mmoja mwenye Probox alikuja mbio, ndani kuna mama mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali.

"Shikamoo mzee. Nisukumieni tu, stata ikishika itawaka."

"Marahaba mwanangu. Toa mkono kwenye ufunguo huo. Mama ataingia gari jingine, hili halijawa tayari."

Mama alihamishiwa kwenye trekta. Fundi akachomoa eya klina, ilikuwa imelowa chapachapa, akatikisa kichwa. Akafungua plagi zote nne. Kisha akaizungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya mbele ya krankshafti, taratibu, na kutoka kwenye tundu la silinda ya tatu maji yakaruka hadi kwenye kioo. Kama kijana angepiga stata, konrodi hiyo ingepinda. Baadaye akachomoa kijiti cha oili. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yalishafika chini. Akaimwaga yote, akaweka mpya ya bei rahisi, akawasha dakika chache, akaimwaga tena na kuweka ile nzuri. Difu nayo akaifungua, na humo pia kulikuwa na maji. Saa kumi jioni gari liliondoka na kijana, na fundi akageukia pampu tatu za wakulima zilizokuwa zinasubiri chini ya mwembe, plagi zao zikiwa zimeshafunguliwa.